Kopo la Jumanne

Kopo la Jumanne lilikuwa tupu. La Jumatatu tupu. La Ijumaa iliyopita nalo tupu. Shangazi aliyajua hayo kabla hajafungua friji, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeyaweka humo yakiwa matupu, lakini aliyafungua yote matatu mojamoja na kuchungulia ndani, kana kwamba usiku kuna mtu kapita akamwekea chochote. Hakuna aliyepita. Ndani mlinukia sabuni. Nje kila kopo lilikuwa na karatasi yake imebandikwa sawasawa: siku, tarehe, wali na maharage, sahihi ya mpishi. Kwenye karatasi hukosi kitu.

"Bwana Afya anafika saa nne," alikuwa amesema Mwalimu Mkuu asubuhi hiyo ya Jumatano, amesimama kizingitini mwa jiko, hataki kuingia. "Atataka kopo la jana. Bahati yetu wewe huna mchezo na makopo."

Ilikuwa saa moja na nusu. Shule ilikuwa kimya, watoto wameambiwa wakae nyumbani siku mbili. Jana yake, Jumanne, saa moja tu baada ya chakula, watoto ishirini na sita walikuwa wametapika. Walianza wawili bombani, wakafuata watano darasani, kisha ikawa vurugu tupu, walimu wanakimbia na ndoo, mama wanaingia getini wanalia. Hakufa mtu, ashukuriwe Mungu, lakini mmoja alilazwa zahanati na maji ya mshipa mkononi. Na kila mzazi aliyefika alitupa jicho upande wa jiko.

Jikoni alikuwa mtu mmoja tu, na huyo ni Shangazi. Watoto ndio waliompa jina hilo, walimu wakalichukua, mpaka kwenye daftari la mahudhurio wakaliandika. Alikuwa amepika shule hiyo miaka kumi na moja, na miwili ya mwisho aliipika chini ya kanuni. Mpango wa chakula ulikuja na magunia, friji na karatasi kubwa ya ukutani yenye kanuni kumi na nne. Kanuni ya nne: chakula kiwe mezani saa sita na nusu kamili. Kanuni ya tisa: mtu asiyehusika asikanyage jikoni. Kanuni ya kumi na mbili: asiye kwenye orodha asipewe. Na ya saba, ndiyo ya makopo: kila siku, kabla mtoto hajala, mpishi achote sahani moja ya chakula, aitie koponi, alibandike kopo karatasi na kulitunza kwenye friji siku tatu, ili watoto wakiumwa pawe na cha kupima. Siku tatu zikipita, amwage.

Hapo kwenye kumwaga ndipo palipomshinda. Jamani, mtu mzima uchukue wali na maharage yako, mazuri, uyatie shimoni, na huku nje ya dirisha la nyuma kuna mtoto anakunywa maji ya bomba mpaka tumbo linacheza!

Mtoto mwenyewe walimwita Mgeni. Alihamia katikati ya mwaka, msichana wa miaka tisa hivi, mwembamba, mpole kupita kiasi. Orodha ya chakula ilifungwa mwezi wa kwanza, na magunia huja kwa hesabu ya orodha. Shangazi alipouliza, akajibiwa asubiri mwaka ujao. Sawa, lakini tumbo la mtoto linasoma kalenda? Mwanzo alimpa lile la siku tatu, lililokuwa limwagwe. Siku moja umeme ukakatika, chakula kikachacha, akaona haya kumpa mtoto uchafu, akampa la siku hiyohiyo, bado la moto. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi. Mgeni anakuja dirishani wenzake wakiwa foleni, anakula amechuchumaa nyuma ya ukuta, analamba kijiko, anarudisha kopo. Shangazi analiosha, analibandika karatasi na kulirudisha kwenye friji. Bwana Afya akija kila mwisho wa mwezi anahesabu makopo, anasoma karatasi, anatia alama ya vema na kuondoka. Miaka miwili hakufungua hata moja. Nani afungue kopo la maharage?

Leo atafungua.

Shangazi alisimama katikati ya jiko, mikono kichwani. Kisha macho yakamwangukia beseni. Maharage ya Jumatano alikuwa ameyaloweka tangu jana, kabla hawajatangaza kufunga. Hakufikiri mara mbili. Alichota bakuli moja, akatia sufuria ndogo, akawasha moto kwa kuni chache zilizokuwa zimekauka usiku nyuma ya mlango. Aliyasimamia yale maharage kuliko alivyowahi kusimamia chakula cha mtu, akapuliza moto, akayaonja mara nne, mpaka yakawa laini na mchuzi ukawa mzito. Akapika na kikombe cha wali. Saa tatu na robo alijaza kopo la Jumanne, akalisukuma juu kabisa kwenye barafu lipoe upesi, akakaa kwenye kigoda kusubiri.

Saa nne kamili Bwana Afya akafika. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye macho ya kukosa usingizi, na mkononi kabeba boksi la baridi la rangi ya samawati.

"Pole na misukosuko, ndugu mpishi."

"Nishapoa."

Alifungua kopo. Akanusa, akaliinamisha, akabonyeza harage moja kwa kijiko, likapondeka bila ubishi.

"Yameiva vizuri haya," alisema.

"Ndivyo nipikavyo," Shangazi akajibu, na sauti ikamtoka nyembamba mpaka mwenyewe akaishangaa.

Bwana Afya alilifunga, akalitia kwenye boksi lake. Kisha akauliza watoto hula nini kingine hapa shuleni. Mwalimu Mkuu akamjibu haraka: kuna mwanamke anauza barafu njiani.

Huyo ni Mama Barafu. Alikuwa akiuza vifuko vya barafu tamu tangu Shangazi hajaanza kazi, na zamani aliketi ukutani mwa shule kabisa. Mpango ulipoleta kanuni za vitafunio, ikaamriwa muuzaji yeyote akae hatua mia mbili kutoka getini. Mwalimu Mkuu alizipima mwenyewe, na yeye ni mrefu kama ngazi. Mama Barafu alimfuata nyuma na boksi lake kichwani, analalama njia nzima: "Mwalimu, hiyo miguu ni ya watu wawili! Apime mwalimu wa darasa la kwanza, yule kibushuti!" Walicheka wote, na Mwalimu Mkuu naye akacheka, lakini pale mguu wake uliposimama ndipo walipoweka jiwe, na Mama Barafu akakaa juu ya jiwe.

Kila jioni, watoto wakishaondoka, Mama Barafu alikuwa akija jikoni kwa Shangazi na debe lake la maji. Makaa ya shule yalikuwa bado yana moto, si ya kuacha yazime bure. Waliketi wawili hao, maji yanachemka, wanasengenya dunia nzima. Ilikuwa kinyume cha kanuni ya tisa, na wote wawili waliijua. Kwa hiyo kama kuna mtu chini ya jua aliyejua kwamba maji ya ile barafu huchemshwa mpaka yanaruka, mtu huyo ni Shangazi.

Alhamisi walikuja mgambo wawili. Shangazi aliwaona kupitia wavu wa dirisha. Walimwinua Mama Barafu jiweni, mmoja akabeba boksi, mwingine akamwaga vifuko barabarani, na vifuko vikabaki vinayeyuka kwenye vumbi. Mama Barafu hakugombana nao. Aligeuka upande wa shule, akaweka mikono mdomoni, akapiga kelele:

"Shangazi! Waambie, mwenzangu! Waambie maji nachemsha!"

Shangazi alirudi nyuma hatua moja, asionekane. Aliona aibu hiyo mwili mzima. Akajiambia: kila siku anachemsha, lakini Jumatatu mvua ilinyesha, hakuja jikoni. Huenda siku hiyo alichota tu ya bomba. Huenda. Alilishika hilo huenda kwa mikono miwili, akaenda nalo nyumbani, akalala nalo.

Tatizo ni kwamba kulikuwa na jambo lingine la Jumanne, na hilo hakutaka kulitazama. Mvua ya Jumatatu ilivujia kuni. Jumanne sufuria kubwa ilipata moto, lakini ile ya pili, ambayo huishia kwa watoto wa mkia wa foleni, ilikaa juu ya moshi saa nzima. Saa sita na dakika ishirini na tano alitafuna harage moja la sufuria hiyo. Nje lilikuwa laini. Katikati lilikuwa gumu, lina kiini, na harage la namna hiyo hutapisha. Alitaka kuiacha sufuria motoni nusu saa zaidi, lakini Mwalimu Mkuu alikuwa kizingitini, saa mkononi. "Shangazi, kanuni ya nne!" Na kengele ikalia. Alipakua. Hata kopo la siku hiyo alilichota humohumo, kwa kuwa ndiyo sufuria iliyokuwa karibu na dirisha la nyuma.

Ijumaa shule ilifunguliwa. Asubuhi simu ya Mwalimu Mkuu ikalia, na baada ya simu akaja jikoni, safari hii akaingia mpaka ndani.

"Kopo letu safi!" alisema. "Halina hata kijidudu kimoja. Bwana Afya anakuja saa tisa na taarifa yake. Wewe utatia sahihi kama shahidi, kwamba uliwaona watoto wakila barafu siku ile."

"Niliwaona," alisema Shangazi. Huo ulikuwa ukweli.

"Basi. Yameisha."

Akapika. Saa sita na nusu akapakua, na mkono mmoja ukachota chakula koponi kwa mazoea, ukakiweka dirishani. Foleni ikasogea, ikaisha. Kopo likabaki pale, mvuke unapungua.

"Mgeni yuko wapi?" alimuuliza mwalimu wa darasa aliyekuja kuchukua chai.

"Hajaja. Wengi hawajaja, wazazi wameingiwa na hofu."

Ndipo wazo likamjia, na kwanza lilikuwa wazo zuri. Mgeni hana hata senti ya barafu, hajawahi kuwa nayo. Jumanne alikula kitu kimoja tu duniani, nacho ni lile kopo. Basi kama Mgeni ni mzima, sufuria ilikuwa nzima, na yeye Shangazi ni mzima, atie sahihi yake alale usingizi. Ni kwenda tu kumwona mtoto akicheza mlangoni. Alivua aproni, akawamwagia kuku wa jirani chakula cha lile kopo, akaliosha, akatoka.

Babu yake Mgeni alikuwa fundi viatu. Walikaa chumba kimoja nyuma ya ghala la mbao, na kazi yake aliifanyia mlangoni, viatu vya watu vimepangwa ukutani vikisubiri. Shangazi alitazama kwa mbali. Mlangoni hakukuwa na mtoto anayecheza.

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Shikamoo, mzee. Mimi ndiye mpishi wa shule."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Alimsogezea kigoda, asiache kushona. "Umekuja kumwangalia? Mungu akulipe. Wewe wa kwanza."

"Kumwangalia nani?"

"Nani tena, si mjukuu wangu?" Alielekeza sindano kwenye pazia. "Tangu Jumanne mchana. Alitapika mpaka maji yenyewe. Jana kumekoma, ila nguvu hana, hata kukaa anaegemezwa."

Shangazi alilitazama pazia.

"Hukumpeleka zahanati?"

"Nilimbeba mgongoni mpaka pale. Wakaniambia dawa za bure ni za waliokula chakula cha shule. Wakatazama orodha. Hayumo." Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Na kweli, mtoto wangu hali shuleni. Nikajiuliza, kama hakula chakula, amekula nini? Barafu. Wote wanasema barafu. Na pesa ya barafu kaitoa wapi, mwanangu? Kwenye kopo langu la misumari nilikuwa na shilingi zangu chache. Nikamuuliza, akaapa hakuiba. Nikamuuliza tena umekula nini, akanyamaza. Kanyamaza kimya, jiwe." Alikishika kiatu alichokuwa anakishona, akakitazama. "Nilimtandika. Mtoto mgonjwa, nikamtandika kwa soli. Hakusema."

Shangazi aliinuka, akapita pazia.

Mgeni alikuwa kwenye mkeka, shuka mpaka kidevuni, midomo imepasuka. Macho yalikuwa makubwa kuliko ya kawaida. Alipomwona nani kaingia, alitazama kwanza pazia, kuhakikisha babu hasikii.

"Sikusema, Shangazi," alinong'ona. "Hata kidogo."

Shangazi alipiga magoti. Mkono wa mtoto ulikuwa na alama ndefu nyekundu juu ya kiwiko. Alitaka kusema pole, akajikuta anamfunika shuka lililokuwa tayari limemfunika. Moyo ulimuuma vibaya, si wa kusimulia.

"Jumatatu nitakuja dirishani," alisema Mgeni. "Usinifute."

"Sikufuti, mama. Lala."

Alitoka. Fundi viatu alimtazama usoni, sindano ikasimama hewani.

"Hakuiba, mzee," Shangazi alisema. "Mimi ndiye niliyemlisha. Kila siku nilikuwa namlisha, na Jumanne nikamlisha maharage yasiyoiva, na yeye ananifichia siri mimi. Ukimpiga mtu, nipige mimi."

Mzee alikiweka kile kiatu chini taratibu, akakisukuma kwa mguu mbali na yeye, akainuka kwa kushika ukuta, akaingia nyuma ya pazia. Shangazi alisikia mkeka ukilia mzee alipoketi.

Njia ya kurudi shule ilipita jiweni. Vifuko vya Mama Barafu vilikuwa bado hapo, vitupu, vimekanyagwa na magurudumu. Shangazi alisimama karibu na jiwe. Alifikiria miaka kumi na moja. Alifikiria nani atampa kazi mpishi aliyefukuzwa kwa kulisha watoto maharage mabichi na kughushi kopo. Chumba chake je? Dada yake aliyemtegemea je? Aliogopa, na hofu hiyo haikupungua hata kidogo kwa kusimama.

Akaanza kutembea, na miguu ikajikuta inahesabu. Moja, mbili, tatu. Kwa Mwalimu Mkuu zilikuwa mia mbili. Kwake yeye mia mbili ziliishia kwenye nguzo ya umeme, geti bado liko kule. Mama Barafu alikuwa na haki, ile miguu ilikuwa ya watu wawili. Alifika getini kwenye mia tatu na arobaini na moja, akaendelea kuhesabu, akapita bomba, akaingia jikoni. Friji ikafunguliwa, ikafungwa. Mia tatu na tisini. Akavuka uwanja, watoto wawili wakamwamkia, "Shangazi, shikamoo!" na kwa mara ya kwanza hakuitikia, asije akapoteza hesabu.

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Mwalimu Mkuu na Bwana Afya walikuwa wanakunywa chai. Boksi la samawati lilikuwa sakafuni, na pembeni yake lingine, kuukuu, limefungwa kamba, ambalo Shangazi alilijua vizuri.

"Huyo kaja," alisema Mwalimu Mkuu. "Tia hapa chini, Shangazi, kwenye mstari. Tumalize." Akamwelekezea kalamu.

Shangazi hakuipokea. Alitoa mkono chini ya mtandio, akaweka kopo la Jumatatu juu ya taarifa, katikati kabisa, mstari wa sahihi ukafichika.

"Hili la nini?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Bwana Afya," alisema Shangazi, "kabla sijatia, nifungulie na hili."

Bwana Afya aliweka kikombe. Alisoma karatasi kwanza, kama alivyozoea: siku, tarehe, wali na maharage, sahihi. Alilinyanyua, na alipoona lilivyo jepesi akamtazama Shangazi, akatia kidole gumba chini ya kifuniko.